Bastola Mbili za Marehemu Clovis

Wendell Tackett aliendesha basi la shule namba nne kwa miaka ishirini na tisa. Mimi nilikuwa na namba saba, nyuma yake, nikila vumbi lake kiangazi na kutazama taa zake za breki wakati wa theluji, kwa hiyo nikisema namjua sisemi kwa kubahatisha. Ni mrefu, mwembamba, ana masikio makubwa, na huongea taratibu kama mtu anayelipia kila neno. Hanywi, havuti, hagombani na mtu. Ugonjwa wake ni mmoja tu, nao ni bastola kongwe.

Kuwa na bunduki si jambo hapa kwetu milimani. Hata mchungaji anayo, na ikifika Novemba paa hawajiui wenyewe. Lakini hawa wa bastola kongwe ni watu wa namna nyingine. Hawapigi risasi. Wananunua chuma kilichochakaa tangu enzi za baba wa babu zao, wanakifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta, wanakirudisha kabatini, kisha wanavuta kiti na kukitazama. Na ole wako ukikisugua king'ae. Mke wa pili wa Burl Stamper, wiki ya tatu ya ndoa, alichukua bastola ya mumewe ya mwaka 1881 akaisugua kwa dawa ya masufuria hadi ungeweza kujipaka wanja ukijitazama ndani yake. Alitaka kumfurahisha. Burl, mtu mzima mwenye tumbo na shamba la tumbaku, alilia mbele ya wageni, kwa sababu bei yote ilikuwa kwenye ule uzee na uzee umekwenda na maji ya sinki.

Wako kumi na wanne katika chama chao. Jumanne asubuhi hukutana mkahawani kula mikate ya moto iliyomwagiwa mchuzi wa soseji, na mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, huenda mjini Lexington kwenye soko kubwa la silaha za kale. Hurudi na kitu kimefungwa kwenye taulo, pamoja na uongo.

Huo uongo ni desturi kabisa. Kila bastola ina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye mpini, kimeandikwa bei iliyonunuliwa. Sasa, wanaofuta vumbi kabatini ni wake zao, kwa hiyo bei inayoandikwa ni ile ambayo mke anaweza kuisoma bila kupandwa na presha. Bei ya kweli hukaa kichwani mwa mwanamume. Kati ya Lexington na nyumbani, tarakimu moja huanguka njiani. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi wa mtoni, yeye uongo wake ulikwenda upande wa pili, akiongeza, na nilimzoea. Hawa wa kupunguza sijawahi kuwaelewa.

Wana desturi nyingine, ya msibani. Mwanachama akifa, aliyebeba jeneza mbele upande wa kulia ndiye anayechagua kwanza katika bastola za marehemu. Anachagua moja, kwa bei ya kikaratasi, na bei hiyo haibishaniwi kwa sababu ni mwandiko wa marehemu. Wengine humeza mate mpaka Jumamosi ya wiki hiyo, ndipo mjane anafungua mlango kwa wote. Tia desturi hizi mbili katika sufuria moja uone kitakachoiva.

Clovis Hager alikufa Septemba, moyo, akiwa kibarazani kwake na nusu ya mkate wenye nyanya mkononi. Wendell alikuwa rafiki yake tangu darasa la pili. Ndiye aliyebeba mbele kulia, na nilimwona akibeba kuliko wote, kana kwamba wale watano wengine walikuwa wamekuja kumsindikiza tu.

Clovis aliacha bastola mbili. Moja tuliita ya sherifu. Ilikuwa ya sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa wilaya hii mwaka 1889, jina lake limechongwa chini ya mpini kwa ncha ya kisu. Mtutu mrefu, rangi ya kiwandani imekwisha zamani, imebaki hudhurungi ya jani la tumbaku, na mpini umelainika kwa kiganja cha mtu aliyezikwa zaidi ya miaka mia. Namba ya kwenye mwili ni ile ile ya kwenye gurudumu la risasi na ile ile ya kwenye mpini. Hakuna kilichobadilishwa. Kwa wale watu kumi na wanne, hilo ni sawa na kuambiwa bibi harusi ni mzuri na anajua kupika.

Ya pili ilikuwa fupi, imepakwa nikeli, inang'aa, mpini wa lulu ya bandia, ya kukunja katikati ukitaka kuweka risasi. Zilitengenezwa kwa maelfu na kuuzwa kwa posta kwa akina mama waliokuwa wakisafiri peke yao kwa treni. Nyumba nyingi za huku utaikuta moja kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko.

Kikaratasi cha ya sherifu kiliandikwa dola mia tatu. Cha ile ya nikeli, mia tano na hamsini.

Wendell alikuwa na mia tano na sitini. Alikuwa ameuza injini ya mashua yake na hana kingine cha kuuza ambacho Twila, mkewe, asingekiulizia. Kwa pesa ile angeweza kuchukua yoyote kati ya hizo mbili, lakini si zote. Ungedhani hapo hakuna cha kufikiri: achukue ya sherifu, bakaa akanunue tairi. Tatizo ni kwamba katika dunia nzima mtu mmoja tu aliyebaki hai alijua Clovis alilipa nini hasa, naye ni Wendell.

Ilikuwa Machi ya mwaka tisini na nane. Wendell ndiye aliyeendesha gari. Clovis alivua buti mbele ya muuzaji, akatoa noti za zamu za ziada za mgodini alizokuwa akizikanyaga miaka minne, akahesabu elfu tatu na mia nne za ile ya sherifu. Kwa kuwa muuzaji alikuwa amefurahi, akamwongezea ile ya nikeli kwa mia moja na themanini. Njiani Clovis akapata akili za baada ya tendo. Wakasimama kituo cha mafuta, na kwa kuwa hapakuwa na Biblia ndani ya gari, akamfanya Wendell aweke mkono juu ya boksi la kuku wa kukaanga na kula yamini kwamba Nedra, mke wa Clovis, hatajua kamwe. Ya sherifu, iliyoonekana kama chuma chakavu, ataandika mia tatu. Inayong'aa ataipandisha hadi mia tano na hamsini, maana mke ataamini, na hivyo pesa kidogo itakuwa imepata maelezo. Iliyobaki angeigawa gawa kwa visingizio: sanduku la gia, mchango wa paa la kanisa, jino.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Clovis ilikwenda miaka ishirini na sita na kumfikisha kaburini salama. Iliyomkuta ni ile methali nyingine, ya mficha maradhi.

Mambo haya yasingekuwa na uzito kama Bi Nedra angekuwa na chake. Hakuwa nacho. Mashine ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa tangu Aprili, na fundi alitaka elfu mbili na mia tisa kuweka nyingine. Baridi yetu haisubiri mtu. Alikuwa ameshamwandikia dada yake wa Ohio kwamba atakwenda kukaa kwake kuanzia Novemba, na kila mtu hapa anajua mjane akienda kukaa Ohio baridi moja, nyumba yake huuzwa masika.

Jumanne baada ya mazishi, Burl Stamper alikuwa mkahawani mapema. Burl alikuwa ameviona vile vikaratasi siku ya chakula cha msiba, na ana macho. Hakujua Clovis alilipa nini, lakini alijua kitu kile hakiuzwi mia tatu popote chini ya jua. Alimsumbua Wendell tangu kahawa ya kwanza hadi ya tatu. Mwisho akamwinamia.

"Mzee, chagua basi. Au mkono unatetemeka?"

Wendell akasema anafikiri.

"Fikiri mpaka Ijumaa," Burl akamwambia. "Jumamosi mimi sifikiri. Mia tatu ninayo hapa mfukoni, imeshapata joto."

Wendell aliacha mikate yake mezani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Bi Nedra.

Mimi nilikuwa kule tayari, nakunja mashati ya Clovis na kuyatia kwenye maboksi ya kanisa. Wakati huo sikujua lolote kuhusu Lexington wala boksi la kuku. Wendell aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye meza ya jikoni. Bi Nedra alikuwa amezipanga zile bastola mbili juu ya taulo la bluu. Ni mwanamke mfupi, ana miaka sabini na mbili, na alikuwa karani wa posta, kwa hiyo anapenda mambo yaende kwa utaratibu. Alimmiminia chai baridi akamwambia achague.

Nimeona watu wakipatana bei maisha yangu yote, lakini ile ya siku ile sijaiona tena.

"Bi Nedra, hii ya mia tatu naona imekaa chini," Wendell akasema.

"Imekaa chini vipi? Kikaratasi kimesema mia tatu."

"Nikikupa mia tano na sitini?"

"Kwa kitu cha mia tatu?"

"Ndiyo."

Bi Nedra aliweka jagi la chai chini. "Wendell Tackett, unanipa sadaka."

Wendell akakana, akasema si sadaka. Bi Nedra akamwambia hajafika mahali pa kuchangiwa mezani kwake mwenyewe, na mtu akitaka kumchangia kuna kikapu kanisani. Wendell akasema basi mia nne. Bi Nedra akasema mia tatu. Wendell akasema mia tatu na themanini. Bi Nedra akasema akiongeza tena hata senti moja atashuka hadi mia mbili na hamsini. Nilikuwa nimeshika shati bila kulikunja.

"Miaka arobaini na mmoja nimekaa na Clovis," Bi Nedra akasema. "Alikuwa na mambo yake. Lakini hakunidanganya hata siku moja. Akiandika mia tatu ni mia tatu."

Hapo Wendell akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akauondoa mkono kwenye ya sherifu akaupeleka kwenye ile ya nikeli, akasema labda achukue hii. Bi Nedra akafurahi, akasema ni chaguo zuri, hata yeye aliipenda hiyo kuliko lile lichuma. Ndipo nadhani Wendell akamkumbuka Burl na noti zake zenye joto. Akiichukua ya nikeli, Jumamosi ya sherifu inaondoka kwa mia tatu, na mjane anabaki na mia nane na hamsini na safari ya Ohio. Akauondoa mkono. Akaurudisha kwenye ya sherifu. Akaishika, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye lile jina chini ya mpini. Alikuwa ameitamani bastola ile miaka ishirini na sita. Aliishika zaidi ya Clovis, maana Clovis aliificha nyuma ya makopo ya rangi na kuitoa Wendell anapokuja. Ilimtosha kusema ndiyo. Asingekuwa amevunja sheria, wala desturi, wala kiapo. Kinyume chake, kiapo kilikuwa upande wake.

Nilidhani ni msiba umempanda. Nikamwambia achague tu, Clovis hatainuka kumsuta.

Akaiweka chini.

"Bi Nedra, Clovis alilipa elfu tatu na mia nne."

Bi Nedra akakishika kikaratasi, akakisoma upya.

"Hiyo ya nikeli ni mia moja na themanini," akaongeza. Ukishafungua gunia, mwaga tu.

Bi Nedra alikaa. Alinyoosha kidole kimoja, kama anayehesabu barua.

"Sanduku la gia la mwaka ule?"

"Halikuwa na tatizo."

"Mchango wa paa la kanisa?"

"Alitoa dola kumi."

"Jino?"

"Jino amezikwa nalo."

Nilijua ningecheka, kwa hiyo nikatia uso wangu kwenye shati la marehemu. Nilipotoka humo, Bi Nedra alikuwa hacheki wala halii. Alikuwa anamtazama Wendell sana. Akamuuliza kama Clovis alifurahi siku ile. Wendell, ambaye maneno ni ghali kwake, akamweleza yote: buti, noti zilizonuka mguu, na jinsi Clovis alivyoimba kutoka Lexington mpaka nyumbani, saa mbili na nusu, wimbo mmoja tu wa mazishi, kwa sababu ndio pekee aliojua beti zote.

Ndipo Bi Nedra akalia.

"Angeniambia tu," akasema. "Ningegombana naye wiki nzima, halafu ningezoea. Sasa nitagombana na nani?"

Nami, niliyezika mume, nikamsogezea lile shati.

Alipomaliza alipangusa pua, akaenda kuchukua kalamu, akachana vikaratasi vyote viwili na kuandika vingine. Elfu tatu na mia nne. Mia moja na themanini. Akasema mbele kulia bado ni Wendell, na zamu yake ipo mpaka Ijumaa, achague. Wendell, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli na ni vigumu kuacha, akamwambia kwamba leo hii wafanyabiashara wa Lexington wangempa elfu sita bila kuketi. Nilimpiga Bi Nedra teke chini ya meza. Hakujali. Alisema hataki kuwa mjanja kuliko mumewe. Anataka kile mumewe alichotoa, mashine ya joto iwekwe, na yeye na Clovis wawe wamemalizana. Mimi ningechukua elfu sita, na nasema wazi.

Kwa hiyo sasa hapo ndipo Wendell alipofika: mfukoni mia tano na sitini, mezani machaguo mawili. Ya nikeli, ambayo angeweza kuinunua mara tatu na hakuitaka hata mara moja. Au ya sherifu, na ili aipate ingembidi auze zake zote, au karibu zote. Alikuwa nazo kumi na moja nyumbani. Vikaratasi vyake vikijumlishwa havifiki elfu moja na mia tano. Bei zake za kweli zilikuwa mara tatu ya hapo na zaidi. Na Burl na wenzake wangekuja kuzinunulia wapi? Jikoni kwa Twila, Twila akiwa amekaa, Twila ambaye ndiye anayeshika daftari la benki. Huwezi kuuza kwa mia saba kitu ulichomwambia mkeo kina thamani ya tisini, halafu ukamwambia soko limepanda.

Alikaa ndani ya gari lake nje kwa Bi Nedra muda mrefu. Nilimwona dirishani. Kisha akawasha, na badala ya kukata kushoto kurudi mkahawani akakata kulia, kwenda kwake.

Yaliyofuata nimeambiwa na Twila mwenyewe, naye haongezi chumvi hata kwenye supu.

Alikuwa jikoni anavunja maharage mabichi. Wendell alipita bila kusema, akaenda kabatini, akarudi na bastola ya kwanza, akaiweka mezani mbele ya bakuli. Akamwambia hii haikuwa mia moja na ishirini, ilikuwa mia tatu na hamsini. Twila akasubiri. Akaleta ya pili. Twila akafuta mikono, akachukua bahasha ya bili ya umeme na penseli, akaanza kuandika nyuma yake. Kila bastola aliileta peke yake, akarudi kwa nyingine, kama anayepandisha watoto kwenye basi. Katika ya sita Twila akasukuma bakuli la maharage pembeni. Katika ya kumi na moja Wendell akasimama, kofia mkononi, akamweleza ya Clovis, na Bi Nedra, na mashine ya joto, na kwamba angeitaka ile ya sherifu kwa kuuza hizi ikiwa yeye ataridhia, na kama hataridhia basi ana haki.

Twila alijumlisha. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Elfu nne, mia nane na arobaini.

"Hii ndiyo Lexington?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kila Machi na kila Oktoba?"

"Kila mara."

"Na hakuna kitu kingine kule?"

Wendell akamuuliza kitu kingine kipi. Aliuliza kwa moyo mweupe, Twila aliniambia, na hapo ndipo alipomwamini.

"Mimi nilijua pesa zinakwenda," Twila akasema. "Tangu mwaka tisini na tatu najua. Unarudi umenyamaza, unatabasamu peke yako, daftari limepungua. Nilidhani una mwanamke."

Wendell akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama.

"Nilishampa jina. Nilimwita Darlene. Nikakadiria ana nywele nyekundu. Jumapili nilikuwa namwombea apate mume wake."

"Twila, mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu."

Miaka thelathini na mmoja. Aliandaa sandwichi za safari mwenyewe, mbili za Wendell na moja ya ziada, akidhani anamfungia Darlene. Alipofika hapo kwenye kuniambia alicheka hadi akashika ubavu, nami nikacheka naye, lakini siku ile jikoni hakuna aliyecheka. Wendell aliweka uso wake kwenye viganja, na masikio yale makubwa yakabaki nje, na Twila akasema ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia, hata kwa Clovis hakulia. Alilia kwa ajili yake yeye, Twila, na yale maombi ya Jumapili. Twila alimwacha alie. Alisema aliona ana haki ya kuyatazama machozi hayo.

Kisha akamsogezea bakuli la maharage, akampa na kisu, akamwambia amalize, yeye anakwenda kupiga simu kwa Burl Stamper.

Uuzaji ulifanyika Ijumaa mezani hapo hapo, na aliyeuza ni Twila. Bahasha ya umeme ilikuwa mbele yake. Burl alikuja na ndimi zake zote, akakuta mwanamke ambaye ndani ya siku tatu alikuwa amesoma kila namba na kila kutu, na ambaye hakuwa na haja ya kupendwa. Aliuza tisa kwa elfu tatu na mia nne kamili na hakukubali kushuka. Burl alipolalamika kuhusu moja iliyokwaruzwa, Twila alimwambia anaweza kuisugulia dawa ya masufuria nyumbani. Wendell alisimama jikoni akimsikiliza kwa hofu na mapenzi.

Saa kumi jioni hiyo Wendell alikuwa kwa Bi Nedra na pesa zote, akaondoka na ya sherifu. Mashine ya joto ikawekwa wiki ya pili ya Oktoba, na dada wa Ohio akaandikiwa aje yeye. Ile ya nikeli Bi Nedra hakuiuza. Aliitia kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Oktoba hiyo Wendell hakwenda Lexington. Alisema hana pesa, lakini mimi nadhani aliona aibu kuomba sandwichi.

Machi ilipofika nilikuwa nje nafagia ngazi asubuhi, nikaona gari lao linapunguza mwendo. Twila alikuwa kiti cha mbele, amevaa koti la kanisani na rangi ya mdomo, nywele zimetengenezwa. Miaka yote ile sijawahi kumwona amepanda gari lile kwa safari ndefu kuliko ya dukani. Nikamuuliza wanakwenda wapi na mapambo yote hayo asubuhi hii.

Akateremsha kioo.

"Lexington, Verna," akasema. "Nakwenda kuonana na Darlene."

Wendell alikuwa anatazama barabara mbele, mwekundu mpaka masikioni, na mkono wake mmoja haukuwa kwenye usukani. Twila alikuwa ameushika.